Wanaotaka kuingia jeshi la Marekani: acheni kuuliza mshahara tu, ulizeni makaratasi

Stoo_Kiper

Wakuu habari za humu. Kila wiki napata PM mbili tatu za vijana wenye grini kadi wanaotaka kujiunga na Army na swali ni lile lile, "kaka mshahara ni kiasi gani". Nimechoka kujibu mmoja mmoja, acha nianzishe uzi.

Mimi ni Mbongo, niko Fort Hood Texas (ile ile waliyoiita Cavazos mwaka 2023 halafu 2025 wakairudisha Hood, mabango tumebadilisha mara mbili), niliingia 2022, sasa nina tepe tatu begani, kazi yangu stoo, 92Y. Sijasoma uhasibu ila LES yangu (karatasi ya mshahara) naisoma kama msomaji wa mkeka wa betting, mstari kwa mstari.

Mshahara wenyewe haufichwi, jedwali liko wazi, yeyote anaweza kuliangalia, tena halijali umetoka Texas au Temeke. Mwaka 2025, kuanzia April walipowaongezea asilimia 10 vijana wa chini, E-1 (ngazi ya chini kabisa) alikuwa anapata dola 2,319 kwa mwezi kabla ya makato, E-4 anayeanza alikuwa anapata 3,027. Nyumbani ukisema dola 2,319 watu wanapiga hesabu haraka, milioni tano na ushee, wanaanza kukuita bosi. Subirini kwanza.

Ninachotaka kusema ni hiki: watu wawili wanaingia siku moja, basi moja, kozi moja, wanalala vitanda vya juu na chini, na baada ya mwaka mmoja kamzidi mwenzake maelfu ya dola bila kufanya kazi ya ziada hata saa moja. Tofauti yao ni bahasha ya vyeti aliyokuja nayo mmoja na mwingine akaiacha kabatini kwa mama.

Mimi nilikuwa yule wa kabatini. Nina digrii ya Bongo, miaka mitatu nimekaa darasani. Rekruta, yule anayeandikisha watu jeshini, aliniuliza una chuo, nikasema ndiyo, akasema ni cha nje? nikasema ndiyo, akasema basi andika sekondari twende haraka nafasi zinaisha. Nikaandika. Kumbe ukiwa na digrii, hata ya nje, ukishaifanyia tathmini na kampuni zinazotambulika ikaonekana inalingana na bachelor ya huku, unaingia Army kama E-4 moja kwa moja. Hata kama hukumaliza, kredit 24 zinakupa E-2, 48 zinakupa E-3. Mwaka huo wa 2022 E-1 alikuwa anakula 1,833 na E-4 alikuwa 2,503. Dola 670 kila mwezi, nimeziacha kwa sababu ya karatasi ambayo kuitathmini ni pesa ndogo na wiki chache za kusubiri. Niliposhtuka niko tayari kwenye kozi naimba na kukimbia, nikaambiwa mkataba umesaini mwenyewe.

Karibuni maswali.

Kijana_wa_Kimara

Mkuu Stoo_Kiper Mungu akubariki, huu uzi umekuja wakati wake kabisa. Mimi niko Ohio, nasaini Alhamisi ijayo. Nina digrii ya Bongo pia na rekruta wangu kaniambia maneno yale yale neno kwa neno, "andika sekondari". Nina mke, yuko Kimara, hajapata visa bado. Swali langu, baada ya makato mfukoni inabaki ngapi? Na hii BAH watu wanayoisema ni kweli au ni stori za vijiweni?

Stoo_Kiper

Usisaini Alhamisi. Narudia, usisaini.

Sasa mfukoni. Chukua huyo E-1 wa 2025 wa 2,319. Social Security na Medicare zinaondoka na asilimia 7.65, hapo kama 177. Kodi ya serikali kuu inategemea ulivyojaza fomu, kwa mtu mmoja piga mia hivi. Bima ya maisha SGLI, ukichukua yote ya laki tano, ni dola 26 tangu July 2025, zamani ilikuwa 31. TSP, akiba ya kustaafu, watakukata asilimia 5 bila kukuuliza, 116 hiyo. Halafu kuna mstari mmoja utakuchekesha, senti 50 za nyumba ya wazee wanajeshi, AFRH, kila mwezi senti 50, mpaka leo nikiiona nacheka. Inabaki kwenye 1,900 hivi, inaingia mara mbili, tarehe 1 na tarehe 15. Kama jimbo lako la makazi lina kodi ya mapato, toa tena. Texas haina.

Ila hapo hulipi kodi ya nyumba wala umeme wala hospitali, na hapo ndipo hesabu ya Bongo inapokosea, kwa juu na kwa chini pia.

BAH ni kweli. Ni posho ya nyumba, haikatwi kodi, inapangwa kwa cheo, kwa ZIP code (namba ya posta) ya kituo chako, na kwa kuwa una wategemezi au huna. Wanasema inafidia karibu asilimia 95 ya wastani wa gharama za kupanga eneo hilo. Kijana asiyeoa wa cheo cha chini haipati, analala baraksi (mabweni ya jeshi) bure. BAS ni ya chakula, mwaka 2025 ilikuwa dola 465 na senti kwa askari wa kawaida, lakini ukiwa baraksi unakula kantini ya jeshi wanaikata karibu yote, inaingia mlango wa mbele inatokea wa uani.

Ukiwa na mke mwenye cheti, hata kama yuko Kimara, wewe una mtegemezi. Habari ya BAH inabadilika kabisa.

Mwana_wa_Majani_Chai

Hapo kwa cheti cha ndoa ongeza volume bana. Mimi ni Mkenya, niko jimbo la Washington, na nimeona wanaume wazima wakilia kwa hiyo kitu. Jamaa amelipa mahari, mbuzi zimeliwa, wazee wamebariki, bibi anajulikana kijiji mzima, lakini kwa ofisi ya finance huyo jamaa ni bachelor. Hawataki picha za ruracio, wanataka certificate.

Stoo_Kiper

Hahaha umenigusa kidonda. Yaliyonikuta ni hayo hayo. 2021 nilienda likizo tukatoa mahari, nikarudi huku nikajiona nimeoa. Nikaingia jeshini, fomu inauliza umeoa, nikafikiria, cheti sina, nikaandika sijaoa, na kisheria ilikuwa kweli. Miezi kumi na moja nalala baraksi na jamaa wa Georgia anayekoroma kama jenereta huku namtumia mwenzangu hela ya kodi ya chumba. Likizo ya kwanza nikapanda ndege, tukafunga ndoa ya bomani, mashahidi wawili, dakika ishirini, tukala chipsi kuku tukarudi nyumbani. Niliporudi na kile cheti nikampeleka kwenye DEERS, yaani akasajiliwa kwenye mfumo wa familia za wanajeshi, BAH ikaanza kuhesabiwa tangu tarehe ya bomani. Ile ya mahari hawaitambui hata kwa dawa. Hesabuni wenyewe miezi kumi na moja.

Na tusielewane vibaya, kuna wajanja wanaoa wasichana wa mtaani kwa mkataba ili wagawane BAH. Huo ni wizi wa hela ya serikali, kuna watu wamefukuzwa na kufungwa, na kwa mtu anayesubiri uraia ni kujichimbia shimo mwenyewe.

Dada_wa_Tacoma

Jamani na uraia msiuruke. Mimi nilikuwa active (jeshi la muda wote) miaka minne sasa niko Reserve (jeshi la akiba) huku nasoma uuguzi. N-400, fomu ya kuomba uraia, kwa mwanajeshi haina ada, wenzetu uraiani wanalipa mamia ya dola. Unachohitaji ni fomu ya N-426 isainiwe na kamandi kwamba unatumikia vizuri. Hiyo karatasi fuatilia wewe, usimwachie mtu, sajenti wangu wa kwanza aliikalia kwenye droo mpaka akahamishwa, aliyemfuata akaipeleka ikasainiwa siku hiyo hiyo.

Kwa nini ni suala la pesa? Kwa sababu kazi nyingi zinataka security clearance (kibali cha kushika mambo ya siri) na clearance inataka uraia. Ndio maana Waafrika wengi wenye grini kadi utawakuta jikoni, mafuta, stoo. Sidharau, nilikuwa jikoni mimi. Lakini vijana walioingia kwenye kompyuta na usalama wa mitandao wakitoka jeshini wanagombaniwa na makampuni, mimi nilitoka najua kupika mayai ya watu mia nne.

Mwana_wa_Majani_Chai

Wacha nitoe yangu ya mzazi, sijaona mtu akiiongelea. Unaweza kumfanya mama au baba awe dependent, hata akiwa Kenya, LAKINI lazima uthibitishe wewe ndiye unabeba zaidi ya nusu ya maisha yake. DFAS, ofisi ya malipo ya jeshi, wanakupa fomu inauliza kila kitu, mapato yake, matumizi yake, anaishi kwa nani.

Mara ya kwanza nilikataliwa. Sababu? Nilikuwa natuma pesa kwa bro yangu, bro anampelekea mama. Kwa karatasi mimi namsaidia bro, mama hata hanijui. Halafu mama ana majani chai, akalipwa bonasi, na yeye kwa uaminifu wake wa kanisa akaandika mapato yote mpaka kuku. Bonasi pekee ikapita nusu ya mahitaji yake ya mwaka kwa ile fomu.

Mwaka uliofuata nikabadilisha. Kila mwezi tarehe 2, jina langu kwenda jina la mama, hakuna mtu wa kati, risiti nikihifadhi kwa folda, dawa zake za presha nikilipa mimi direct, na bonasi ikaandikwa vile ilivyo maana hatudanganyi. Ikapita. Zilikuwa risiti thelathini na moja, nilizi-print zote nikaweka na pini ya nguo kwa sababu stepla ilikataa.

Mzee_wa_Dekalb

Vijana mmeongea vizuri ila mnaangalia pesa ya leo tu. Mimi nilistaafu baada ya miaka 20 na zaidi, mfumo wa zamani, ukimaliza 20 ni asilimia 50 ya wastani wa ile miezi 36 ya mshahara wa juu. Ninyi wote mlioingia kuanzia January 2018 mko kwenye BRS, mfumo mpya wa pensheni. Hapo ukimaliza 20 unapata asilimia 40. Naona Tanzania mnalalamika kikokotoo, nao Wamarekani wana kikokotoo chao, tofauti ni kwamba hiki wamekufidia kwa TSP, na sehemu kubwa ya fidia hiyo haiji kama hujaweka chako.

Sikilizeni. Serikali inakuwekea asilimia 1 baada ya siku 60, hiyo ya bure. Ukimaliza miaka miwili inaanza kukulinganishia, ukiweka 5 wao wanatoa 4 juu ya ile 1, jumla 5. Sasa kijana anaona ile 116 inakatwa, anaingia kwenye myPay, tovuti ya mshahara, anaishusha mpaka sifuri ili amalizie gari, kila January wakiirudisha anaishusha tena, mpaka miaka miwili inafika. Mtu wa mshahara wa msingi wa 3,000 anaacha dola 120 kila mwezi mezani, na watu wengi sana hawafiki miaka 20, kwa hiyo TSP ndiyo pensheni pekee watakayotoka nayo.

Kijana_wa_Kimara

Shikamoo mzee. Umesema gari, nina swali la gari kweli. Rafiki yangu yuko jeshini ananiambia ukiwa mwanajeshi riba haizidi 6.

Mzee_wa_Dekalb

Marahaba. Rafiki yako kasikia nusu. SCRA, sheria ya kulinda wanajeshi, inashusha mpaka asilimia 6 madeni uliyokopa KABLA ya kuingia jeshini, na lazima uombe kwa maandishi, haiji yenyewe. Deni ulilokopa ukiwa tayari na kombati halihusiki. Na ile sheria nyingine ya MLA inayoweka dari ya riba ya 36 haigusi mkopo wa kununulia gari lenyewe. Wauza magari wa nje ya geti wanaijua hiyo kuliko wewe.

Stoo_Kiper

Mzee umemaliza. Kwenye platuni yetu dogo mmoja wa miaka 19 katoka kozi na akiba ya miezi ya mafunzo, siku ya pili kanunua gari la V8 la mtumba, riba 22, miaka sita. Malipo na bima vinachukua mshahara mzima wa tarehe 1. Wa tarehe 15 anakula nao. Anaendesha kutoka baraksi mpaka kantini, mita mia tano, kwa sababu mafuta hana ya kufika mbali zaidi.

Bahari_Beach

Samahani wakuu mimi sipo Marekani nasoma tu. Ila haya ya dola na posho, mbona hamsemi habari ya kufa? Mtu anaenda vitani.

Dada_wa_Tacoma

Swali zuri na halipendwi. SGLI laki tano inalipa mnufaika uliyemwandika, hata ukifa kwa ajali ya pikipiki wikendi. Juu yake kuna laki moja ya serikali inayotoka haraka kwa uliyemwandika, au kwa ndugu wa karibu kama hukuandika mtu. Tatizo letu ni jina la mnufaika. Siku ya kujaza ulikuwa na usingizi, ukaandika mjomba aliyekupokea airport kwa sababu anwani yake ya Marekani ndiyo uliyoikumbuka. Ukaoa, ukazaa, hukubadilisha. SGLI haiangalii nani analia zaidi msibani, inaangalia jina. Ingieni kwenye mfumo leo usiku mkaangalie, inachukua dakika tano. Mimi nilikuta ex wangu. Asilimia mia.

Bahari_Beach

Duh.

Mwana_wa_Majani_Chai

Aki Dada, asilimia mia 😂😂

Kwa deployment nimalizie haraka. Nilipelekwa Camp Lemonnier, Djibouti. Huko mshahara wa askari haukatwi kodi ya serikali kuu, kuna dola 225 kwa mwezi ya hatari, kuna ya kutengana na familia ukipita siku 30. Halafu kuna akaunti inaitwa SDP, unaweka mpaka dola 10,000 na wanakulipa asilimia 10 kwa mwaka, benki gani itakupa hiyo. Nusu ya kikosi chetu hawakuijua. Mimi niliambiwa na mpishi, Mnigeria fulani, kwa foleni ya chai.

Mzee_wa_Dekalb

La mwisho kutoka kwangu, na hili nalisema kwa Waafrika hasa. Tunajikaza. Goti limeuma kwenye ruck (matembezi na mzigo mgongoni), unameza ibuprofen kimya kimya. Mgongo, masikio, usingizi, kimya, mwanaume halalamiki. Siku ya kutoka, VA, idara ya waliotoka jeshini, wanakuuliza iko wapi rekodi, huna. Mzungu wa kitanda cha pili alienda sick call (kliniki ya jeshi) kila alipojikwaa na leo analipwa kila mwezi bila kodi, wewe una goti bovu na hadithi. Nendeni, iandikwe. Na dai la VA mlipeleke siku 180 mpaka 90 kabla ya kutoka, msingoje kurudi uraiani.

Dada_wa_Tacoma

Kweli kabisa mzee. Na GI Bill, nimeisahau nami ndio inanisomesha. Miezi 36 ya active inakupa asilimia 100, ada ya chuo cha umma inalipwa yote, na posho ya nyumba wanakupa kwa kiwango cha E-5 mwenye wategemezi wa ZIP code ya chuo, hata kama ulitoka E-4. Usisome online tupu, posho inashuka mpaka nusu ya wastani wa taifa. Chukua hata somo moja la darasani. Na ukitaka kumpa mtoto au mke, lazima uwe umetumikia miaka 6 na ukubali mingine 4, tena uombe UKIWA BADO NDANI. Ukishatoka mlango umefungwa. Ukiwa ndani soma kwa Tuition Assistance (msaada wa ada wa jeshi), dola 250 kwa kredit, GI Bill ibaki.

Kijana_wa_Kimara

Wakuu nimerudi. Leo ni Jumatano, nimeenda kwa rekruta nimemwambia nasubiri tathmini ya digrii. Kanuna. Kaniambia nafasi yangu inaweza kwenda kwa mwingine, nikamwambia sawa nitachukua inayofuata. Baada ya kimya cha kama dakika mbili akasema kumbe inawezekana kusogeza tarehe.

Transkripti nimeomba chuo waitume, dada yangu anafuatilia pale ofisini maana simu hawapokei. Mtihani ni cheti cha ndoa. Mafuriko ya mwaka juzi yaliingia ndani mpaka kwenye sanduku, cheti kipo lakini wino umekimbia, jina langu linasomeka nusu na la mke halisomeki kabisa.

Stoo_Kiper

Hicho usikiskani. Mkeo aende RITA, ofisi ya usajili, aombe nakala iliyothibitishwa, abebe hicho kilicholowa, tarehe na jina la mahali mlipofungia ndoa. Na aangalie majina yako yafanane herufi kwa herufi na grini kadi, mimi walinirudisha kwa sababu ya "h" moja.

Kijana_wa_Kimara

Grini kadi ina Mohamed, cheti nadhani kina Muhamedi, jina la babu. Ngoja nimpigie sasa hivi huko ni usiku.

Kijana_wa_Kimara

Kakubali, kesho anapanda mwendokasi ya saa kumi na mbili. Kaniuliza hiyo BAH ni mchepuko gani mpya.